Shule Imefungwa, Kazi Haijafungwa

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Likizo ndefu ya Desemba kwa hiyo inaangukia kwenye palizi, na ile ya Juni inaangukia kwenye mavuno ya mahindi, tena katikati ya baridi. Muuguzi wa Sumbawanga mwenye zamu hospitali ana pia heka zake mbili Ntendo. Karani wa halmashauri anatoka ofisini saa tisa na nusu na kukimbilia shamba. Mama anayeuza maharage sokoni hawezi kukosa hata siku moja mwezi wa mavuno, kwa sababu ndipo mzigo unapoingia kwa wingi, na mteja wa kutoka Mbeya asipomkuta anahamia meza ya pili. Wakati huohuo watoto watatu wako nyumbani tangu asubuhi, wana njaa ifikapo saa nne, na uji waliokuwa wakiupata shuleni haupo.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: kila siku ambayo shule haifundishi iandikiwe jina la mtu mzima. Nasema jina, maana neno "nyumbani" haliangalii mtoto, wala "majirani wapo" haitoshi. Andika mtu mmoja anayejua kuwa siku hiyo mtoto yuko mikononi mwake, na ambaye mtoto mwenyewe anajua kuwa ndiye.

Kwanza fanya hesabu

Mwaka wa masomo wa shule zetu una siku 194. Ukizitoa kwenye 365 zinabaki 171. Jumamosi na Jumapili ni kama 104, kwa hiyo zipo siku 67 hivi za katikati ya wiki ambazo mtoto hayuko darasani, na sikukuu za kitaifa zimo humohumo. Upande wa pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 za mfululizo. Mfululizo maana yake Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa ndani, kwa hiyo siku za kazi unazopumzika ni kama 20 tu. Baba na mama wakichukua likizo kwa zamu, bila kupumzika pamoja hata siku moja, wanafikisha 40. Mfanyabiashara na mkulima hawana hata hizo.

Nimeiweka hesabu hii mbele kwa sababu wazazi wengi hujilaumu kila shule inapofungwa, wakidhani wenzao wana siri fulani. Hakuna siri. Siku hazitoshi kwa watu wawili, sembuse kwa mama anayelea peke yake, na kwa hiyo lazima watu wengine waingizwe kwenye mpango. Kinachotofautisha nyumba na nyumba ni kama watu hao waliombwa mapema au waligongewa mlango saa kumi na mbili asubuhi.

Basi kalenda ipatikane mapema. Wizara ya Elimu hutoa kalenda ya mihula kabla mwaka haujaanza na mwalimu mkuu anakuwa nayo. Usiikariri ya mwaka uliopita, kwa sababu tarehe zinasogea: mwaka 2024 shule zilifunguliwa Januari 8, mwaka 2025 zikafunguliwa Januari 13, na tofauti hiyo ya siku tano inatosha kumvurugia mpango mzazi aliyekwisha kumrudishia mwajiri karatasi ya likizo. Sura ya mwaka yenyewe haibadiliki sana. Kuna mihula miwili, likizo ndefu ya Juni na ya Desemba, na mapumziko mafupi mawili, moja karibu na Pasaka na jingine karibu na Septemba. Kama mtoto anasoma shule binafsi, uliza tarehe zao wenyewe, hasa siku ya kufunga.

Chukua kalenda ya ukutani, hizi zinazogawiwa na maduka na makanisa mwisho wa mwaka, uibandike mahali ambapo kila mtu anapita, hata kama ni nyuma ya mlango wa jikoni. Kila siku isiyo na shule andika jina kwa penseli. Penseli, kwa sababu mambo hubadilika. Visanduku vitakavyobaki vitupu ndiyo kazi yako ya Januari.

Siku ndogo ndizo zinazoumiza

Likizo ya Desemba haimshtukizi mtu. Kinachomkuta mzazi hajajiandaa ni Jumatano moja ya Oktoba ambapo mtoto wa darasa la pili anarudi saa mbili asubuhi na kusema, "Mwalimu kasema leo wa darasa la nne tu."

Mtihani wa Taifa wa darasa la saba hufanyika Septemba kwa siku mbili. Mwaka 2023 ulikuwa tarehe 13 na 14, mwaka 2024 tarehe 11 na 12. Upimaji wa darasa la nne hufuata Oktoba, nao kwa kawaida ni siku mbili, Jumatano na Alhamisi: mwaka 2024 ulikuwa Oktoba 23 na 24. Siku hizo shule inakuwa kituo cha mtihani, panatakiwa utulivu, walimu wengine wanapangwa kusimamia shule nyingine, na madarasa yasiyo na mtihani mara nyingi huambiwa yabaki nyumbani. Ratiba ya Baraza la Mitihani inajulikana miezi kabla. Hakuna sababu ya siku hizo nne kukukuta umelala.

Nyingine hazina ratiba ya taifa lakini zina dalili. Siku ya kufunga shule watoto hupewa ripoti na kuruhusiwa kabla ya saa sita. Wiki ya mitihani ya muhula wanatoka mapema. Walimu wanapokuwa na kikao cha kata, au mafunzo yao kazini ambayo siku hizi wanayaita MEWAKA, shule ndogo yenye walimu watano haiwezi kuendelea kama kawaida. Mwaka wa uchaguzi madarasa hugeuzwa vituo vya kupigia kura. Na mtoto wa awali anatoka mapema kila siku, jambo ambalo wazazi wa mtoto wa kwanza huligundua wiki ya kwanza ya Januari wakiwa tayari kazini.

Hapa dawa ni mwalimu wa darasa. Walimu wa Ufipa wengi ni wazazi na ni wakulima kama sisi, wanaelewa. Ila usimwendee siku ambayo tayari umekwama. Mtumie ujumbe mwanzoni mwa muhula, kwa adabu na kwa ufupi, kama hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa fulani, darasa la tatu. Ninafanya kazi hadi saa kumi. Naomba tafadhali, pakiwa na siku ambayo watoto hawatasoma au watatoka mapema, unijulishe hata siku mbili kabla ili nipange wa kumpokea. Ahsante kwa malezi yako." Mwalimu aliyepata ujumbe wa namna hiyo anakukumbuka. Kama wewe ni mkubwa kwake kwa umri na shikamoo haikai vizuri, anza na "Habari za kazi, mwalimu," lakini usianze na lawama.

Kwenye kikao cha wazazi peleka pendekezo, maana jambo likisemwa na kamati ya shule lina uzito kuliko likisemwa na mzazi mmoja. Omba siku zisizo za masomo zitangazwe wiki moja kabla, na watoto waandikiwe kwenye daftari. Makundi ya WhatsApp yanasaidia wenye simu janja, lakini Kizwite au Chanji nusu ya wazazi unaowajua wana kitochi, na ukishuka Mtimbwa ni zaidi. Kwa hiyo kila mtaa uwe na mzazi mmoja anayepokea taarifa na kuwapigia wengine. Kazi hiyo ni ya vocha ya shilingi mia tano kwa mwezi na kamati inaweza kuichangia.

Zamu ya nyumba nne

Mbinu ambayo naiamini kuliko zote ni hii. Tafuta nyumba tatu nyingine za jirani zenye watoto wa umri unaokaribiana na wako, wazazi mnaoaminiana, mnaoweza kufikiana kwa miguu. Mkiwa nyumba nne, na kila nyumba ikatoa mtu mzima mmoja kwa siku moja au mbili za wiki ya likizo, wiki nzima imefunikwa. Mwenye duka la rejareja hapohapo nyumbani anachukua Jumatatu na Ijumaa. Fundi cherehani anayefanyia kazi barazani anachukua Jumanne. Bibi wa nyumba ya tatu anachukua Jumatano peke yake, asipewe siku mbili, hata akisema anaweza. Baba bodaboda anayeweza kuingia barabarani jioni anachukua Alhamisi, na wala isionekane ajabu mwanamume kushika zamu, kwa sababu mipango mingi ya namna hii hufa pale inapogeuka kuwa ya akina mama tu.

Muuguzi anayetoka zamu ya usiku msimwandike asubuhi yake. Atalala, na ana haki ya kulala, na watoto sita watakuwa peke yao ingawa mtu mzima yumo chumbani. Mpangieni siku yake ya mapumziko kamili, au achangie kwa njia nyingine.

Undugu na ujirani haupungui kwa kuandikiana. Kaeni jioni moja, chai ikiwepo, na daftari la kurasa themanini. Andikeni nani ana siku gani, saa ngapi watoto wanapokelewa na saa ngapi wanachukuliwa. Andikeni chakula: nafikiri kila nyumba ipeleke unga na maharage kwa kipimo kinacholingana na idadi ya watoto wake, mwanzoni mwa wiki, kwa sababu manung'uniko yote ya zamu huanzia kwenye sufuria. Nyumba yenye watoto wanne haiwezi kupeleka kilo sawa na yenye mmoja. Andikeni namba za simu, mbili kwa kila mtoto. Andikeni mtoto mwenye kifafa, pumu au selimundu, na dawa yake inakaa wapi.

Kisha andikeni majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Likija jina lisilomo, hata likiwa la mjomba, mtoto hatoki mpaka mzazi apigiwe. Mwambieni mjomba mapema asije akaona amedharauliwa. Na watoto waambiwe wazi, bila kuwatisha, kwamba mwili wao ni wao, na kwamba jambo lolote walilofanyiwa na mtu akawaambia wafiche ndilo la kumwambia mama kwanza. Namba 116 ni ya msaada kwa mtoto, inapigwa bure. Iandikeni kwenye jalada la daftari.

Zamu hizi zina hatari moja ambayo sitaki kuipita haraka. Binti wa darasa la sita, miaka kumi na mbili, ndiye anayeishia kubeba yote. Anapika, anafua, anambeba mdogo wa jirani mgongoni, na kwenye kalenda jina lililoandikwa ni la mtu mzima ambaye yuko shamba. Mtoto hawi mtu mzima kwa sababu shule imefungwa. Asaidie kuosha vyombo, ndiyo, na kaka yake naye aoshe. Lakini kumwachia moto, mtoto mchanga na mlango wa nyumba ni kumpa kazi ambayo hata mtu mzima hulipwa kuifanya.

Mkizoea zamu, itawasaidia hata kwa yasiyopangwa. Machi 17, 2020 Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, kwa siku 30 kwanza, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Juni 29. Mpango wa nyumba nne unaweza kuanza kesho yake asubuhi. Mpango usiokuwepo hauanzi siku ya tangazo.

Kwa mwajiri, na kwa dada wa nyumbani

Ofisini omba likizo yako mapema iwezekanavyo, kwa barua, ukitaja tarehe za kalenda ya shule. Sheria inamruhusu mwajiri kupanga lini uende, kwa hiyo anayewahi ndiye anayesikilizwa. Watu wote wa idara wakiomba Desemba, bosi hana la kufanya. Zungumzeni wenyewe kwanza, wasio na watoto wa shule wachukue miezi mingine na ninyi muwafidie Pasaka. Usizimalize siku zote 28 Desemba. Kama mwajiri anakubali kuzigawa, weka chache kwa Juni na mbili au tatu kwa zile siku za mitihani.

Kuna pia siku nne zenye malipo kwa mzunguko wa likizo kwa ajili ya mtoto anayeumwa au msiba wa ndugu wa karibu. Hizo si za shule kufungwa. Ukizitumia kwa uongo Septemba, mtoto akiugua kweli Novemba utakuwa huna mahali pa kushika.

Sokoni watoto wanakuja na wazazi, tusijidanganye. Anayeweza kukaa mezani siku nzima ni mtoto wa miaka minane au tisa kwenda juu, tena mmoja, si wote watatu. Mpe gunia la kukalia, sweta, chakula cha saa saba alichokijua tangu asubuhi, na kazi yenye mwisho: achambue maharage debe moja, kisha acheze. Mtoto wa miaka mitatu katikati ya mikokoteni na pikipiki za mizigo hapaswi kuwa hapo. Yeye atafutiwe kituo cha kulelea watoto mchana, na kabla ya kulipa uliza kama kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii, watoto wangapi wako kwa mlezi mmoja, na kama kinafanya kazi shule zinapofungwa. Vingine hufunga pamoja na shule, na hapo havikusaidii kitu.

Dada wa nyumbani naye ana kwao. Wengi wanatoka vijiji vya Kalambo, Nkasi au bonde la Rukwa, na Desemba wanataka kwenda kula Krismasi na mama zao, au wanahitajika kwenye palizi. Ni haki yao kupumzika. Tatizo ni kwamba anaondoka wiki ileile shule inapofungwa, na nyumba nyingi hulijua hilo usiku wa kuamkia safari. Mwulize Oktoba: "Dada, mwaka huu unakwenda lini na unarudi lini?" Mlipe mshahara wake wote kabla hajapanda basi, mnunulie kitu cha kumpelekea mama yake, na uandike tarehe zake kwenye kalenda ileile. Anayeondoka na deni harudi. Na usichukue binti mwanafunzi ambaye shule yake nayo imefungwa umfanye yaya wa mwezi mmoja. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyezidi umri huo naye ana likizo yake kama mwanao.

Kwa bibi

Zamani wengine walitatua mambo haya kwa kumpeleka mtoto mdogo shule ya bweni. Tangu mwaka 2023 Wizara imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na mimi naunga mkono. Umri ule mtoto alale kwao. Kwa hiyo njia kuu imebaki ileile ya siku zote: kwa bibi na babu.

Mwombe bibi, usimpe taarifa. Mwezi wa sita na yeye ana mahindi ya kuvuna, na Desemba ana palizi. Mtoto wa miaka kumi anamsaidia. Mapacha wa miaka minne wanamsimamishia kazi. Mpelekee unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa au fedha ya kuchajia taa, na nauli ya dharura ambayo haitaguswa kwa jambo jingine. Ukimpelekea watoto mikono mitupu kwa wiki nne umempunguzia chakula chake cha mwaka.

Kisha angalia ni kwa bibi wa wapi. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Sumbawanga mjini amekulia kwenye mwinuko wa mita kama 1,800, kwenye baridi na mbu wachache. Ukimteremsha mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, Mtowisa au Ilemba, amefika kwenye joto la Ziwa Rukwa, na malaria huko si ya kubahatisha. Afunge safari na chandarua chake mwenyewe. Mweleze bibi kwamba mtoto huyu hajazoea kama wajukuu wake wa hapo: homa ikimshika jioni, apelekwe zahanati asubuhi, asisubiriwe siku tatu. Maji ya kunywa yachemshwe. Akienda upande wa Ziwa Tanganyika, Kasanga au Kirando, aambiwe na wenyeji wapi hawaogi na kwa nini, na asiingie majini bila mtu mzima hata kama wenzake wa umri wake wanaogelea. Desemba mito midogo ya njiani hujaa ghafla baada ya mvua ya mchana. Mtoto anayetumwa dukani ng'ambo asubiri maji yapungue, hata kama chumvi itakosekana kwenye mboga.

Safari yenyewe, kama ni ya mbali kupitia Tunduma, isiwe ya mtoto peke yake chini ya "usimamizi" wa kondakta. Tunduma ni mji wa mpakani, watu ni wengi, magari ni mengi. Atafutwe ndugu au jirani anayeelekea huko, na tiketi zikatwe mapema, kwa sababu mabasi ya wiki ya Krismasi hujaa. Na tarehe ya kurudi ipangwe siku ya kuondoka. Mtoto awe nyumbani siku nne au tano kabla ya shule kufunguliwa, apate muda wa kuzoea tena kulala mapema na kuoga asubuhi kwenye baridi.

Shambani

Sijawahi kuelewa wanaosema mtoto asiguse jembe kabisa. Ufipa kilimo ndicho kinachotulisha, na mtoto anayejua ulezi unavyochipua, mbolea ya majani inavyofukiwa kwenye matuta yetu ya duara, na kwa nini maharage yanapandwa tena mvua zikielekea mwisho, ana elimu ambayo hakuna kitabu kitakachompa. Baba akimchukua binti yake shamba Juni, wakavunja mahindi pamoja asubuhi hadi saa tano, wakala viazi vya kuchoma chini ya mti, siku hiyo jina la mtu mzima limeandikwa vizuri.

Lakini kazi ina kipimo. Apukuchue mahindi, aokote maharage, aamie ndege kwenye ulezi akiwa na mwenzake na mahali pa kivuli. Asishike bomba la kupulizia dawa, asichanganye dawa, wala asitumwe kuosha debe lake. Maksai wanaolima wanahitaji mtu mwenye nguvu wa kuwaongoza mbele. Mtoto wa miaka tisa aliyevutwa na ng'ombe waliokurupuka anavunjika mguu. Asibebe gunia. Kazi iishe kabla ya jua kali na mchana ubaki wa kucheza. Wala asikodishwe kwenye shamba la mtu mwingine kwa malipo ya siku. Hapo tumevuka mstari, na wengi wa wanaokodishwa Juni hawaonekani tena darasani Julai.

Mpe tuta lake mwenyewe. Maharage ya tuta hilo akiyavuna auze mwenyewe, na hesabu ya mauzo hayo ni somo la hisabati tosha kwa likizo nzima.

Baridi na moto

Juni na Julai usiku wa Sumbawanga ni mkali, na watoto walioko nyumbani mchana hutafuta joto. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani milango ikiwa imefungwa, hata dakika kumi, hata kama mkaa umekwisha kuwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa yake inaua bila harufu na waliolala hawaamki. Anayeshika zamu aambiwe hivyo kwa maneno hayohayo. Joto lipatikane kwa masweta mawili, uji wa moto na kukaa juani nje. Kiberiti na sufuria ya maji yanayochemka viwe juu, pasipofikiwa.

Masomo ya likizo

Sina mengi hapa. Wizara imekuwa ikikataza shule kuwarudisha wanafunzi darasani wakati wa likizo, na mtoto aliyechoka hafundishiki. Nusu saa ya kusoma kwa sauti asubuhi, kitabu chochote kilichopo, inatosha kwa darasa la kwanza hadi la nne. Asome mbele ya mtu. Bibi asiyejua kusoma ni msikilizaji mzuri kuliko wote, kwa sababu anauliza, "Halafu ikawaje?" na mtoto analazimika kuelewa alichosoma. Anayesubiri mtihani wa taifa aongeze saa moja ya maswali ya miaka iliyopita, basi.

Januari inaandaliwa Julai

Elimumsingi haina ada tangu mwaka 2016, ila sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vinabaki kwa mzazi, na vyote vinadaiwa Januari, wakati ghala liko nusu na fedha za Krismasi zimekwisha. Mahindi ya Ufipa bei yake huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kadiri mvua zinavyoendelea. Kwa hiyo ukivuna, kabla hujauza hata debe, tenga gunia moja kwa kila mtoto wa shule. Lifunge vizuri dhidi ya dumuzi, uliandike kwa kalamu ya wino "Januari", na liwe la mwisho kuguswa. Mfanyakazi asiye na shamba afanye vivyo hivyo kwa kijumbe au kikoba: omba zamu yako ya kupokea iangukie Desemba, na uombe tangu kikundi kinapoanza, kwa sababu Desemba inatakiwa na kila mtu.

Viatu vipimwe katikati ya Desemba, mguu ukiwa ndani, maana Juni hadi Desemba mtoto amekua. Sare ishonwe wiki hiyo hiyo; fundi wa Januari ana foleni na anaahidi siku asizoweza kutimiza. Wiki ya mwisho ya likizo mpigie mwalimu wa darasa: thibitisha tarehe ya kufungua, uliza kama siku ya kwanza wanasoma mpaka mwisho au wanafanya usafi na kuruhusiwa, na kama kalenda ya mwaka mpya imefika, mwombe akupigie picha yake au akusomee tarehe ukiandika.